Unataka kuanza judo? Kubeba magunia hakutoshi, shingo nayo inataka mazoezi

Kuna dogo mmoja hapa Songea, mtoto wa mama mdogo, ambaye msimu huu wa mahindi anashinda kwenye maghala. Anashusha gunia la kilo 100 kutoka kwenye lori, anaingia nalo ndani, anarudi kuchukua lingine. Mabega yake kama mlango. Mwezi wa kumi anakwenda Unguja kuanza chuo, na kitu anachokisubiri kwa hamu kuliko hata hicho chuo ni judo.

Juzi kanitumia meseji: "Dada shikamoo. Mimi judo naenda kuanza tu, nguvu ninayo. Au kuna cha kujiandaa?"

Nilicheka, kwa sababu na mimi niliwahi kudhani hivyo hivyo.

Judo nimecheza mwaka mmoja, nilipokuwa nasoma Dar. Siku ya kwanza nilipangwa na binti ambaye kimo chake kilikuwa kinaishia begani kwangu. Dakika ya pili nilikuwa sina pumzi. Dakika ya tatu vidole vilikataa kukunja. Usiku shingo ikagoma, na kwa siku nne nilikuwa nikiitwa nageuka mwili mzima kama roboti.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kipo cha kujiandaa. Ila sio kile ambacho wengi wanakifikiria, yaani kwenda kunyanyua vyuma mpaka fulana ibane.

Mchezo wenyewe unaujua, hata kama hujui jina

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano huko Tokyo, Japani, mwaka 1882. Haina ngumi wala teke. Unamshika mwenzako kwenye vazi lake zito, unamyumbisha, unamwangusha, na mkifika chini unaweza kumbana mgongo ukae chini, kumkunja kiwiko au kumkaba. Iliingia Olimpiki mwaka 1964, na wanawake wakaanza kushindania medali rasmi mwaka 1992.

Mtoto aliyekulia mtaani Lizaboni au Bombambili hahitaji kamusi hapo. Mtama, ngwala, kabali, mieleka ya kwenye majani baada ya shule, vyote anavijua. Tofauti ni kwamba judo imevipangia sheria, na mwenzako naye amefundishwa namna ya kuanguka.

Na sio mchezo wa mbali. Zanzibar umekuwa ukifundishwa tangu miaka ya 1990, na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka ndiye aliyeupandikiza pale. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alicheza judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kilo 73, na ndiye aliyebeba bendera ya taifa. Mwaka 2024 huko Paris akaibeba tena. Ukiangalia ufunguzi wa Olimpiki, mtu aliyetangulia mbele ya msafara wetu mara zote mbili ni mcheza judo. Wengi hilo hawakulishika.

Mambo ninayoyaeleza hapa yanafaa pia kama umevutiwa na mieleka ya Olimpiki au jujitsu ya Kibrazili. Mwili unaohitajika ni ule ule.

Kwa nini gunia halitoshi

Sisemi kubeba gunia ni kazi nyepesi. Miguu ya dogo ni imara, mgongo wake ni imara, na hiyo ni mali. Lakini gunia likishakaa mgongoni linatulia. Halikuvuti kushoto ghafla, halikusukumi halafu likakuachia, halikushiki kola. Misuli ya mpagazi imezoea uzito unaoshuka kwenda chini, wima.

Kwenye judo uzito una akili. Unavuta muda wote, na kuvuta ni kazi ya vidole, mikono ya mbele, mgongo wa juu na misuli iliyo katikati ya mbavu na nyonga. Halafu kuna shingo, ambayo karibu hakuna mtu anaikumbuka.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Kuna wanaosema "ngoja kwanza niwe fiti, ndio nianze". Nawajua wanaosema hivyo mwaka wa tatu sasa. Ufiti wa judo unapatikana kwenye judo yenyewe. Unachotafuta kabla ni mwili ambao hautavunjika wiki ya kwanza na hautaishiwa pumzi kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, wiki nane zinatosha. Baada ya hapo nenda, hata kama unajiona bado.

Anza na shingo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye hatari ya kweli.

Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo, waliwahi kupata mshtuko. Mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya kumbukumbu za wanafunzi waliofariki kutokana na judo ya shuleni kuanzia mwaka 1983, na hesabu ikapita 100. Wengi walikuwa wameumia kichwa. Na wageni wa mchezo, wale wa mwaka wa kwanza, walikuwa wengi kwenye orodha hiyo. Jambo hilo lilizua mjadala mkubwa, hasa serikali ilipoingiza michezo ya jadi ya kupigana kwenye masomo ya lazima ya shule za kati mwaka 2012. Baada ya kelele hizo na uangalizi kuongezeka, vifo vilipungua sana.

Inakuwaje mtu aumie kichwa kwenye mkeka laini? Ukiangushwa kinyumenyume na shingo imelegea, mwili unasimama ghafla lakini kichwa kinaendelea na safari. Kinachapa chini, au hata kama hakijachapa, kinatikisika kwa nguvu kiasi cha kuchana mishipa midogo ya damu juu ya ubongo. Damu inavujia ndani ya fuvu. Mtu anaweza kuamka, akasema yuko sawa, akaanguka baadaye.

Kinga ya kwanza ni kujua kuanguka, kitu ambacho wenyewe wanakiita ukemi. Kidevu kinakwenda kifuani, macho yanaangalia fundo la mkanda, mkono unapiga mkeka kutawanya kishindo. Mwalimu yeyote wa maana atakufundisha hilo kabla ya kukufundisha kumwangusha mtu. Akikuruka moja kwa moja mpaka kwenye kurushwa siku ya kwanza, shukuru, vaa viatu, ondoka.

Lakini ili kidevu kibaki kifuani unapoangushwa mara ya 30 na umechoka, misuli ya mbele ya shingo lazima iwe na uvumilivu. Dada zangu mliobeba ndoo kichwani tangu darasa la pili, shingo zenu ni imara kuliko za kaka zenu wengi, ila ni imara kwa kusimama wima. Misuli inayokunja kidevu ni mingine.

Zoezi lake ni rahisi mpaka linachosha kulieleza. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa. Vuta kidevu ndani kana kwamba unajitengenezea kidevu cha pili. Inua kichwa sentimita mbili tu kutoka chini, shikilia sekunde 10, shusha. Mara tano. Ukianza kutetemeka, ndio lenyewe. Wiki ya nane uwe unashikilia sekunde 30.

Kisha kaa, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikikataa. Sekunde 10. Fanya nyuma, kulia na kushoto. Kichwa kisisogee hata kidogo.

Ile ya kusimama kwa kichwa na kuzungusha shingo kama wanavyofanya wanamieleka kwenye video, achana nayo. Wale wana miaka ya mazoezi na mtu wa kuwaangalia. Na ukihisi ganzi au shoti inashuka mkononi wakati wa zoezi la shingo, acha na uende hospitali. Usisubiri mpaka Jumatatu.

Koti la mtumba juu ya mwembe

Kitu kilichoniaibisha mimi ni vidole. Kwenye judo unashika kitambaa, sio bomba, na kitambaa kinateleza, kinajikunja, kinakula nguvu ya mkono wa mbele mpaka unashindwa kufungua kizibo cha maji.

Huhitaji kifaa cha jimu. Tafuta koti zito la mtumba, lile la jinzi au la kaki ambalo hata ukililipia kwa shingo upande halitachanika. Lirushe juu ya tawi nene la mwembe, shika ukosi upande huu na upande huu, ning'inia. Lijaribu kwanza tawi kwa kulivuta, tafadhali. Siku ya kwanza dogo alining'inia sekunde 11. Yeye, mbeba magunia! Akashuka anaangalia viganja vyake kama sio vya kwake.

Ukifika sekunde 30 bila kuhangaika, anza kujivuta juu. Kama huwezi, weka miguu chini, egemea nyuma mwili ukiwa umenyooka kama ubao, na ujivute mpaka kifua kikutane na mikono. Kadiri unavyosogeza miguu mbele ndivyo inavyokuwa ngumu. Seti tatu za mara 8 mpaka 12 ni kazi ya kutosha.

Maji nayo yanafundisha. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na kidogo. Beba moja kila mkono, tembea mita 40, pumzika, rudi. Halafu beba moja tu, upande mmoja, bila kuinamia upande. Hapo ndipo utajua mbavu zako ziko wapi, kwa sababu hiyo ndiyo misuli inayokataa ukivutwa pembeni.

Kiroba cha mchanga, na hesabu zake

Ili kumnyanyua mtu unahitaji kitu kisicho na mpini, kinachokumbatiwa na kinachobadilika umbo. Kiroba cha mchanga ni mwalimu mzuri. Angalizo: kiroba cha sembe cha kilo 25 ukikijaza mchanga hakiwi kilo 25 tena. Mchanga ni mzito kuliko unga zaidi ya mara mbili, utajikuta umebeba kilo 50 na ushee. Usifike hata nusu. Anza na kilo 15 mpaka 20, funga vizuri, tia ndani ya kiroba kingine ili usije ukamwaga sebuleni kwa watu.

Simama karibu nacho, sukuma makalio nyuma, mgongo ubaki umenyooka, kikumbatie, simama nacho mpaka kifuani. Nguvu itoke kwenye nyonga. Mitupo mingi ya judo inaanzia hapo: nyonga zako zinaingia chini ya nyonga za mwenzako, unanyooka, yeye anaondoka ardhini. Mwenye mabega makubwa na nyonga zilizolala anabaki kuvutana tu.

Pushapu na kuchuchumaa viendelee kama kawaida, siyo dhambi. Visiwe tu mazoezi yote uliyonayo.

Kuna na zoezi moja la chini ambalo ukilifanya uani, majirani watauliza kama uko salama. Lala chali kwenye mkeka, kunja goti moja, sukuma kwa mguu huo na uteleze makalio kwenda nyuma na pembeni, mwili ukijikunja. Badili upande. Tembea hivyo urefu wa mkeka, kwenda na kurudi. Ndiyo njia ya kutoka chini ya mtu aliyekulalia, na kwa wiki za mwanzo utakuwa chini ya watu sana.

Pumzi ya dakika nne

Pambano la judo la wakubwa ni dakika nne. Mkifungana, mnaendelea mpaka mmoja apate alama, hakuna kikomo. Lakini sio dakika nne za mwendo mmoja. Ni mlipuko, kutulia, mlipuko. Anayekimbia taratibu kilomita 10 kila asubuhi anaweza kushangaa akizimia pumzi pale.

Kwa hiyo changanya. Mwezi wa kwanza tengeneza msingi: mara mbili kwa wiki, dakika 30 za kukimbia kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea. Songea inakusaidia hapa, mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ni ya baridi, na vilima havijifichi. Mwezi wa pili tafuta mwinuko, mimi napenda upande wa Matogoro. Panda kwa nguvu zote sekunde 20 mpaka 30, shuka ukitembea, rudia mara 6. Wiki zinavyokwenda fika mara 10.

Kwa anayekwenda Unguja au Dar kama dogo, kuna mtego mwingine: joto. Umezoea mazoezi ya Songea, ambako Julai mtu anakimbia amevaa sweta, halafu unaingia kwenye ukumbi wa pwani, vazi zito limekufunika mpaka vifundoni. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea kutoa jasho la kule. Ukifika, usiende kwa fujo siku ya kwanza. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na chumvi usiiogope siku uliyotoka jasho jingi.

Ratiba na sahani

Nguvu mara tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 40. Pumzi mara mbili, Jumanne na Jumamosi. Shingo ifanye siku zile zile za nguvu, mwishoni. Siku mbili lala. Kama unabeba magunia, siku ya kazi nzito ihesabu kama mazoezi, ondoa kiroba na madumu, baki na koti na shingo. Nilimwambia dogo hivyo akaona namdekeza. Misuli haikui wakati unaichosha, inakua ukiwa umelala.

Kula hakuhitaji kopo la unga wa maziwa la bei mbaya. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15 za protini, yai moja kama gramu 6, na usipa wa Ziwa Nyasa mkavu umejaa protini kuliko nyama mbichi ya uzito ule ule, kwa sababu maji yameshatoka. Anayefanya mazoezi ya nguvu anashauriwa afike kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 alenge karibu 95. Ugali wenyewe unachangia. Shida ya wengi wetu ni mlima wa ugali na mboga ya kusindikizia. Geuza kidogo uwiano huo.

Kama una presha, pumu, kifafa, selimundu au goti lililowahi kuhama, onana na daktari kabla ya haya yote.

Usijifunzie kijiweni

Hili nimelisema kwa dogo mara tatu. Kabali iliyowekwa sawasawa haibani koo tu, inabana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Ukumbini kuna sheria: ukigonga mara mbili, kwa mkono au hata kwa mguu, mwenzako anaachia palepale. Na kuna mwalimu amesimama. Kijiweni kuna washkaji wanaocheka na simu inayorekodi.

Kumwangusha mtu kwenye lami au kwenye udongo mkavu wa Agosti, hivyo hivyo. Unachoweza kujaribu nyumbani ni kuanguka kutoka kwenye kuchuchumaa, juu ya majani mengi au godoro: kidevu kifuani, jiviringishe nyuma mgongo ukiwa duara, piga chini kwa mikono yote miwili ikiwa imetanuka kidogo kutoka mwilini. Kutoka kusimama, subiri ukumbi.

Siku ya kwanza ukifika, kata kucha, vua pete na hereni, oga kabla. Fangasi za ngozi zinahama haraka kwenye mkeka kuliko umbea. Mwambie mwalimu kwa sauti kwamba ni mara yako ya kwanza, na umwambie kama kuna mahali panauma. Ukipangiwa mtu mdogo kuliko wewe, usifurahi mapema.

Dogo sasa yuko wiki ya tano. Koti amefika sekunde 38. Shingo ndiyo inayomsumbua, anasema kubeba gunia ni afadhali. Jana alinitumia picha ya mwembe wa kwao, koti liko juu, na chini yake bibi amesimama kashika kiuno akiuliza nani ameanika nguo huko.